Mafunzo ya Malengo kwa Wasusi: Nilichopata na Nilichokosa kwa Shilingi Laki Nne na Nusu

Mwezi Januari mwaka 2025 nilinunua huduma ya mafunzo ya kuweka malengo kwa ajili ya wafanyakazi wa saluni yangu iliyoko Ngamiani, hapa Tanga, kutoka kwa kampuni ndogo ya ushauri wa biashara ya Dar es Salaam. Jina la kampuni hiyo sitalitaja, kwa sababu baadhi ya ninayoyaandika si ya kuwasifu, na mkufunzi waliyemtuma alikuwa mtu muungwana ambaye sipendi kumwaibisha. Huduma yenyewe nitaieleza kwa undani, maana tangu wakati huo nimeonyeshwa matangazo ya kampuni nyingine tatu zenye huduma kama hiyo, na maelezo yake yanafanana kama mapacha. Mwenye saluni anayefikiria kutoa fedha zake anastahili kujua anachokinunua.

Bei ilikuwa sh 450,000 kwa saluni yenye wafanyakazi wasiozidi wanane. Kwa fedha hizo niliahidiwa siku mbili za mafunzo, daftari la malengo kwa kila mfanyakazi, kadi za kubandika ukutani, mazungumzo ya faragha ya nusu saa kati ya mkufunzi na kila mfanyakazi, na simu ya ufuatiliaji mara moja kwa mwezi kwa muda wa miezi mitatu. Nauli na chakula cha mkufunzi vilikuwa juu yangu, jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo na ambalo nilielezwa baada ya kulipa nusu ya fedha. Watu huutania mji wetu kwa kusema waja leo waondoka leo, na mkufunzi alikusudia kutimiza maneno hayo kwa kuzibana siku mbili ziwe moja ili awahi basi la jioni katika stendi ya Kange. Nilikataa, akalala.

Ni vyema nieleze saluni yangu ilivyo, kwa kuwa huduma ya aina hii hufaa au haifai kulingana na namna watu wanavyolipwa. Ninao wasusi wanne, mtengenezaji mmoja wa kuosha, kuweka dawa na tritimenti, mpaka hina mmoja, yaani anayewapaka wateja hina na piko, na wasichana wawili wanaojifunza. Wasusi na mtengenezaji hupata nusu ya fedha ya kila kichwa wanachokifanya, mpaka hina hupata asilimia 60 kwa sababu vifaa ni vyake, na wanaojifunza hupewa posho ya siku. Hakuna mwenye mshahara wa mwezi. Kila mmoja, kwa hiyo, anakuja asubuhi akiwa tayari ana sababu ya kutafuta fedha, na mtu asiyeijua kazi yetu anaweza kuuliza: mtu anayelipwa kwa kichwa anahitaji malengo ya nini? Nami nilijiuliza hivyo kwa miaka mingi. Kilichonifanya nibadili mawazo ni kwamba kila jioni tulikuwa tunahesabu fedha na kugawana, lakini hakuna hata mmoja, nikiwamo mimi, aliyeweza kusema ni wateja wangapi wa mwezi uliopita wamerudi, ni nani kati ya wanaojifunza ameanza kuiva, wala ni kwa nini mteja aliyesukwa vizuri Novemba alionekana Desemba akitoka saluni ya jirani. Kila msusi alikijua kichwa kilichokuwa mbele yake, na baada ya hapo hakujua kitu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkufunzi alianza na kanuni ya herufi tano za SMART, ile ambayo George T. Doran aliitoa katika jarida la uongozi nchini Marekani mwaka 1981 na ambayo sasa hurudiwa katika karibu kila semina ya biashara. Kwa mujibu wa daftari tulilopewa, lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liwe na uhalisia na liwe na muda. Kwa bahati nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo zamani, nikakumbuka kwamba herufi ya tatu katika andiko la Doran haikuwa ya kufikika, bali ilihusu kumkabidhi mtu: lengo liwe na mwenyewe, ajulikane ni nani atakayelitekeleza. Nilisema hivyo mbele ya darasa, mkufunzi akakubali kwa upole, na tukatumia saa nzima juu ya herufi hiyo moja. Naamini saa hiyo ndiyo iliyorudisha sehemu kubwa ya fedha yangu. Saluni haishindwi kwa kuwa malengo yake hayafikiki. Inashindwa kwa sababu taulo ni la wote na kwa hiyo si la mtu, simu ya mteja hupokewa na aliye karibu, na bibi harusi aliyekuja kuuliza bei Jumanne huambiwa arudi kesho bila mtu yeyote kuandika kwamba alikuja. Siku ile ile tuligawana: taulo na usafi wa vitana kwa mmoja wa wanaojifunza, daftari la miadi ya harusi kwa mpaka hina, simu kwa mtengenezaji. Hadi leo mgawanyo huo haujavunjika, isipokuwa kwamba simu imehamia kwangu, kwa sababu mtengenezaji hawezi kupokea simu akiwa na dawa mikononi, jambo ambalo tungeliona mapema kama tungefikiri.

Mchana mkufunzi alitusimulia habari ya madereva wa malori ya magogo huko Marekani, ambayo ni habari ya kweli iliyochapishwa na Gary Latham na James Baldes mwaka 1975. Madereva hao walikuwa wakipakia takribani asilimia 60 tu ya uzito walioruhusiwa kisheria. Kila walipoambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao, hakuna lililobadilika. Walipopewa lengo moja lililo wazi, yaani asilimia 94 ya uzito huo, mizigo ilipanda hadi karibu asilimia 90 na ikabaki hapo kwa miezi, bila nyongeza ya malipo. Wasusi waliipenda sana habari hiyo. Mmoja alisema kwamba maneno ya kujitahidi kadiri ya uwezo ndiyo anayoambiwa na mumewe kila anapoomba fedha ya ada, na darasa likacheka kwa muda mrefu. Nami niliipenda, lakini nilibaki na shaka ambayo sikuisema wakati ule: gogo liko msituni na dereva ndiye anayeamua apakie kiasi gani, ilhali msusi haamui ni nani ataingia mlangoni. Gogo halina harusi, halifungi Ramadhani, wala halingojei zamu yake ya mchezo wa upatu ili lije kusukwa.

Shaka hiyo ilijionyesha siku ya pili, tulipofika kwenye kadi.

Kadi zilikuwa za karatasi ngumu, nzuri kwa macho, kila moja ikiwa na jina la mfanyakazi, miezi mitatu na nafasi ya kubandika duara la kijani kwa aliyefikia lengo au jekundu kwa aliyeshindwa. Isipokuwa kwa wanaojifunza, lengo lilikuwa la aina moja tu, nalo ni mauzo ya shilingi kwa mwezi. Namna ya kulipata ilikuwa rahisi: chukua mauzo ya mwezi huo huo wa mwaka uliopita, ongeza asilimia 15. Kwa kuwa mimi huandika mauzo ya kila msusi kila siku, hesabu ilifanyika kwa dakika chache, na mkufunzi alinisifu kwa kutunza kumbukumbu. Sifa zilinilewesha kidogo, nikasahau kufikiri.

Nitatumia kadi ya msusi wangu mmoja, yule wa rasta, kuonyesha kilichotokea. Februari 2024 alikuwa ameingiza sh 480,000, Machi sh 420,000 na Aprili sh 610,000. Malengo yake ya mwaka 2025 yakawa sh 552,000, sh 483,000 na sh 701,500. Februari aliingiza sh 690,000, akabandikiwa duara la kijani na kupigiwa makofi. Machi aliingiza sh 330,000, akabandikiwa jekundu. Aprili aliingiza sh 590,000, akabandikiwa jekundu tena. Ukiisoma kadi yake ukutani utamwona mfanyakazi aliyeanza kwa kishindo kisha akalegea, na ndivyo mkufunzi alivyoisoma kwa simu kutoka Dar es Salaam, akanishauri nizungumze naye kuhusu kupungua kwa ari.

Mtu yeyote aliyekulia pwani angeuliza swali moja kabla ya kuzungumza juu ya ari: Ramadhani ilikuwa lini? Mwaka 2024 mwezi mtukufu ulianza katika wiki ya pili ya Machi na Idd ikaangukia wiki ya pili ya Aprili. Mwaka 2025 Ramadhani ilichukua karibu Machi yote, na Idd ikawa mwisho kabisa wa mwezi huo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka mambo yote huja mapema kwa siku kumi na moja hivi, na saluni ya Tanga husogea nayo. Februari 2025 karibu yote ilikuwa Shaaban, mwezi ambao watu hukimbizana kuoza na kuoa kabla ya mfungo, na ambao wasusi wangu hawapati hata muda wa kunywa chai. Machi 2024 ilikuwa na siku zake kumi na moja za Shaaban, zilizoingiza fedha nyingi, lakini Machi 2025 haikuwa nazo. Aprili 2024 ilikuwa na zile siku tisa za mwisho wa Ramadhani, ambazo kila mwanamke anataka kichwa chake kiwe tayari kwa Idd na mpaka hina hulala akiwa na piko kwenye vidole, lakini mwaka 2025 siku hizo zilikuwa zimehamia Machi. Wateja wetu Wakristo nao hawakuwa tofauti: Pasaka ilihama kutoka Machi 31 hadi Aprili 20, na Kwaresima ya mwaka 2025, ambayo makanisa mengi hayafungishi ndoa ndani yake, ilianza siku chache tu baada ya Waislamu kuanza kufunga, ili Machi yetu ikauke pande zote mbili. Ongeza masika ya Aprili, ambayo humfanya mtu aliyetaka kunyoosha nywele kwa pasi aahirishe, kwa kuwa unyevu wa Tanga huzirudisha zilivyokuwa kabla hajafika nyumbani.

Nilikaa na daftari langu usiku mmoja, nikajumlisha ile miezi mitatu pamoja. Mwaka 2024 msusi huyo aliingiza jumla ya sh 1,510,000, na mwaka 2025 sh 1,610,000. Alikuwa amepanda kwa karibu asilimia 7. Hiyo si asilimia 15, nakubali, lakini kwa hakika si kulegea, na kadi iliyobandikwa ukutani mbele ya wateja ilikuwa ikimsingizia. Nililazimika kumwomba radhi, kwa kuwa nilikuwa tayari nimeshamsemesha kuhusu ari.

Jambo la ukuta lenyewe linastahili neno. Mkufunzi aliamini kwamba kuonyesha maendeleo hadharani huchochea ushindani mwema. Huenda ni hivyo mahali pengine. Kwetu, msusi mkubwa kuliko wote, ambaye aliwafundisha wengine wawili kusuka na ambaye wote humwita mama, alikaa chini ya duara jekundu kwa wiki tatu huku mwanafunzi wake akiwa na la kijani. Hakulalamika. Alianza tu kuja saa nne badala ya saa mbili, akawa anaketi akiipa kadi mgongo. Mpaka hina alikataa tangu mwanzo kubandikwa, akasema kwamba hesabu ya mtu ni siri yake na Mola wake, na siku hizi nadhani alikuwa na hekima kutushinda sote. Hatimaye nilizitoa kadi zote ukutani nikaziweka kwenye droo, ambamo kila mmoja huangalia yake peke yake. Msusi mkubwa alirudi saa mbili siku iliyofuata, bila mtu kumwambia lolote.

Kulikuwa na madhara mengine ambayo sikuyaona kwenye daftari la mauzo bali kwenye vichwa vya wateja. Msusi wa tatu, anayesifika kwa mkono mwepesi, alipoona Machi inamtupa mkono alianza kuharakisha ili apate vichwa viwili zaidi kwa siku katika ile wiki ya Idd. Kuharakisha kwa msusi kuna njia mbili tu: kufanya mistari michache minene, au kukaza ili isifumuke kabla ya wakati. Alifanya zote mbili. Wateja wawili walirudi wakiwa na vipele kwenye paji la uso na maumivu ya kichwa, na mmoja nilimfumua kwa mkono wangu mwenyewe bila malipo. Nywele za mbele zikivutwa hivyo mara kwa mara hukatika, na zikivutwa kwa miaka huacha kabisa kuota, jambo ambalo kila msusi mzoefu amewahi kuliona. Lengo la shilingi peke yake halina habari na nywele za mtu. Daftari la mafunzo lilikuwa na ukurasa kuhusu ubora wa huduma, lakini ukurasa huo haukuwa na nafasi ya kuandika chochote, na kisichoandikwa hakikuingia kwenye kadi.

Daftari hilo hilo lilipendekeza pia faini ndogo kwa asiyefikia lengo miezi miwili mfululizo. Hilo sikulitekeleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka masharti kuhusu makato ya ujira, ikiwamo ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi, na sipendi kushauriwa kuvunja sheria kwa fedha yangu mwenyewe. Waandaaji wa mafunzo haya waufute ukurasa huo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo huduma yenyewe, nayo ilitajwa katika tangazo kwa mstari mmoja tu. Jioni ya siku ya pili mkufunzi aliketi na kila mfanyakazi kwenye baraza ya nyuma, nusu saa kwa kila mmoja, na akaniomba mimi nisiwepo. Niliudhika kidogo kuondolewa kwenye baraza yangu, nikaenda zangu sokoni Mgandini. Niliporudi, kila mmoja alikuwa ameandika ukurasa mmoja wa malengo yake mwenyewe ya maisha, wala si ya saluni, na aliulizwa kama yuko tayari kunionyesha. Sita walikubali, wawili hawakukubali, nami sijawauliza tena.

Katika zile kurasa sita nilijifunza mambo ambayo sikuyajua kuhusu watu ninaokula nao kila siku. Mmoja wa wanaojifunza anataka kwenda chuo cha ufundi cha VETA kusomea ususi rasmi ili apate cheti, na alikuwa akiogopa kuniambia akidhani nitamwona ananidharau. Mtengenezaji anataka kujifunza kushona wigi. Msusi wa rasta, yule yule aliyesingiziwa na kadi, aliandika kwamba katika miaka miwili anataka kununua draya na viti viwili na kufungua saluni yake Muheza, alikozaliwa. Nilipousoma ukurasa huo nilihisi kama mtu aliyefuga kuku akaambiwa kwamba ameota mbawa. Huyu ndiye mwenye wateja wengi kuliko wote, na wateja wa rasta humfuata msusi, hawafuati kuta. Mkufunzi hakunibembeleza. Alinieleza kwamba mfanyakazi aliyekuambia ataondoka lini amekupa miaka miwili ya kujiandaa, wakati yule asiyesema hukuachia asubuhi moja. Tukakubaliana, sisi watatu, mambo yaliyoandikwa: kwamba atakuwa mshika zamu wa kwanza katika mchezo wetu wa kila mwezi ili fedha ya draya isingoje, na kwamba kabla ya kuondoka atamfundisha mmoja wa wanaojifunza mitindo mitatu hadi mteja ashindwe kutofautisha mikono. Hadi ninapoandika haya, mtindo mmoja umeshafuzu.

Ni katika suala la wanaojifunza ambapo nilimshinda mkufunzi kwa hoja mara ya pili. Alikuwa amewapa nao lengo la idadi ya vichwa. Utafiti wa Latham huyo huyo, pamoja na wenzake, ulionyesha baadaye kwamba mtu ambaye bado anajifunza kazi ngumu hunufaika zaidi na lengo la kujifunza kuliko lengo la matokeo, kwani lengo la matokeo humfanya ahangaike kufika kabla hajaijua njia. Mkufunzi aliijua habari ya magogo, lakini hiyo ya pili hakuwa ameifikia. Tulifuta vichwa kwenye kurasa zao na kuandika mambo ya mikono: kugawa mistari iliyonyooka bila kurudia zaidi ya mara moja, kuanzisha rasta bila fundo kubwa kwenye shina, kuosha kichwa cha mtoto bila kumliza. Ukurasa wa mwisho wa yule mdogo una alama ya tiki mbele ya mistari iliyonyooka, na tarehe, na saini ya msusi mkubwa. Saini hiyo ilimfurahisha kuliko posho.

Kuhusu simu za ufuatiliaji sina mengi. Ya kwanza ilichukua dakika ishirini na tano na ilikuwa na manufaa. Ya pili ilikuwa ya dakika tisa, mkufunzi akisoma maswali kutoka kwenye karatasi na kunishauri kuhusu ari, kama nilivyosema. Ya tatu haikuja hadi nilipopiga mwenyewe, nikaelezwa kwamba mkufunzi yuko safarini, na ikafanyika baada ya siku kumi na mbili. Mtu aliyelipa fedha yote mwanzoni hana mkono wa kuvuta, kwa hiyo ningemshauri mwenye saluni abakize angalau robo ya malipo hadi simu ya mwisho.

Tulichobaki nacho baada ya miezi mitatu si kile tulichouziwa, ila kimetokana nacho. Lengo la shilingi limebaki, lakini linahesabiwa kwa msimu badala ya mwezi. Shaaban inalinganishwa na Shaaban, Ramadhani na Ramadhani, mfunguo mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, na mfunguo mosi, na Pasaka na Krismasi zina mistari yake pembeni. Nilichora karatasi moja yenye kalenda zote mbili, na imechukua nafasi ya kadi zote ukutani, kwa kuwa karatasi hiyo haimsemi mtu. Juu ya hilo, kila msusi ana lengo la pili, la wateja wanaorudi ndani ya wiki nane, ambao ndio muda ninaouona kuwa mwisho wa kukaa na rasta. Hilo linamrudisha kwenye ubora bila mimi kusema, maana mteja aliyekazwa hadi akaota vipele harudi. Ili kulipima tunaandika jina na namba ya simu ya mteja anayekubali, na tunamtumia ujumbe wiki ya sita. Tunaomba ruhusa kwanza, na daftari hufungiwa, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 namba za watu si za kuachwa wazi juu ya meza ya rola.

Wakati tunaanza, msusi wa rasta alikuwa akirudiwa na wateja wanne kati ya kila kumi, na sasa ni sita. Msusi mkubwa alikuwa na saba tangu mwanzo, jambo ambalo hakuna kadi ya shilingi iliyowahi kulionyesha, na lililomrudishia heshima yake kwa utulivu kuliko radhi yoyote ambayo ningemwomba.

Je, ningeinunua tena? Kwa sh 450,000 na nauli juu, hapana. Nusu siku ya darasa na mazungumzo ya baraza peke yake, kwa sh 200,000, ningeilipa kila mwaka bila kunung'unika, na ningewashauri wenye saluni za Makorora, Chumbageni na hata Pangani kufanya hivyo, mradi wawe na daftari la mauzo la angalau mwaka mmoja kabla ya kumwita mtu. Asiye na daftari asitoe fedha yake bado, kwa kuwa mkufunzi hatakuwa na kitu cha kushika na atajaza nafasi hiyo kwa hadithi za magogo. Saluni ambayo wasusi wamekodi viti nayo naona haitafaidika sana, kwani kila mwenye kiti ni mfanyabiashara wake na hakuna wa kumkabidhi taulo.

Nilimwandikia mkufunzi haya yote kwa kirefu, pamoja na hesabu za Shaaban. Alijibu siku ya tatu, akakiri kwamba jedwali la asilimia 15 lilitengenezwa kwa maduka ya Dar es Salaam, na akaniomba nakala ya karatasi yangu ya kalenda mbili ili aitumie kwa wateja wengine wa pwani. Nimempa, kwa sharti kwamba akija tena nauli iwe juu yake.